Ng'ombe wa Chini ya Maji

Udongo una harufu mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua, ile inayopanda mvua ya kwanza inapogusa vumbi, hata mbuzi huinua pua. Ya pili wachache wameinusa. Ni harufu ya udongo uliotoka chini sana, ambao tangu dunia iumbwe haujaonana na jua. Ni ya baridi, ina kitu kama chuma na kitu kama uyoga, na mtu akiivuta huona kama amefunguliwa mlango wa chumba cha wenyewe.

Mwezi uliopita walikuwa wakichimba choo kipya cha shule, jirani na hapa ninapokaa. Nilikuwa napita na sufuria ya uji, harufu ile ikanikuta njiani. Nilisimama mpaka uji ukafanya ngozi juu. Mwalimu aliyekuwa akisimamia wachimbaji akaniuliza kama naumwa, nikatikisa kichwa. Ningemwambia nini? Kwamba ndani ya shimo la choo chake nimemwona baba yangu, yuko chini kabisa, ana msumari mkononi? Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Tangu utoto maneno yangu hukwama hapa kooni kama mfupa wa kuku. Kwa hiyo nimeona heri niwaandikie ninyi, kidogo kidogo, kila ninapomaliza kazi za siku.

Baba yangu alikuwa fundi wa visima. Kijiji chetu kiko mwendo wa nusu siku kutoka Misigiri, mahali pa mawe makubwa na mashamba ya mtama na uwele. Mvua huja mara moja kwa mwaka, ikiondoka imeondoka. Kiangazi kikikomaa, kina mama walikuwa wakichimba mchanga wa mtoni kwa mikono, wanakaa na kusubiri maji yajikusanye, wanachota kwa kibuyu, wanasubiri tena. Mama yangu alikuwa akiondoka asubuhi na kurudi jua likiwa utosini, na mtungi haujajaa. Alikuwa na msemo wake alipoutua: "Haya maji yana umri mkubwa kuliko mimi."

Mwaka niliotimiza miaka tisa, wazee wa kijiji waliamua tuwe na kisima chetu. Bwana Shauri, yule mzungu wa serikali ya wilaya, akatoa sururu mbili na mtaimbo, akasema atapita kukagua kabla ya mvua. Kazi wakapewa Baba na mjomba wangu Shila.

Mjomba Shila alikuwa mkuu wa kamba. Alikuwa mtu mnene, mwenye maneno mengi na kicheko cha kutikisa tumbo. Kamba yenyewe ilikuwa ya ngozi ya ng'ombe, imesokotwa mara tatu na kupakwa mafuta, nayo ilizunguka gogo lililolazwa juu ya panda mbili. Wanaume wanne walishika gogo lile. Baba alikaa juu ya kijiti kilichofungwa mwisho wa kamba, akashushwa. Udongo ukapanda kwa debe, debe baada ya debe, na kila lilipomwagwa, harufu ile ya pili ilitambaa juu ya nyasi.

Sheria za mdomo wa shimo zilikuwa chache, lakini hazikuchezewa. Fundi akiwa chini, viatu vyake hubaki juu, vimepangwa pamoja, ncha zikielekea nyumbani. Hakuna anayevivuka. Tena, sauti inayoingia shimoni ni moja tu, ya mkuu wa kamba. Wengine wote wakae kimya au wanong'one mbali. Baba alisema shimo huchanganya sauti. Ukisikia sauti tatu chini hujui ipi ya kutii, na kabla hujaamua, jambo limeshatokea. Fundi aliyemfundisha kazi alifukiwa huko upande wa Kintinku, Baba akiwa kijana wa kamba. Hilo tulilijua wote pale nyumbani, na hatukulitaja.

Na mimi nilikuwa mtu wa kioo.

Labda hamjaona kazi hii, kwa hiyo nieleze. Shimo likishapita kimo cha watu wawili, chini kunakuwa giza hata mchana. Taa ya mafuta hairuhusiwi, kwa maana inakula hewa ya mchimbaji. Basi mtu mmoja hukaa ukingoni na kioo, akalikamata jua na kulitupa chini. Kioo chetu kilikuwa cha Mama, cha mraba, kilichonunuliwa duka la Kiomboi alipoolewa, na kona moja ilikuwa imepasuka. Saa sita jua lenyewe lilishuka shimoni bila kuombwa, nami nikapumzika na kula. Asubuhi na alasiri, jua lilikuwa mikononi mwangu.

Mwanzoni walimjaribu mpwa mwingine wa Mjomba Shila, akasinzia. Kisha Mjomba mwenyewe akashika, lakini kila alipocheka mwanga ulirukaruka huko chini, mpaka Baba akapiga kelele: "Shila! Mimi nachimba, wewe unanichezea ngoma!" Ndipo Baba akasema, "Nipeni yule wangu asiyesema. Mwenye maneno mengi, mwanga wake haukai."

Ndugu wasomaji, ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu ukimya wangu kusifiwa. Nyumbani waliuita ugonjwa. Shangazi yangu alikwisha kushauri nilambishwe ulimi wa kasuku, na kwa bahati yangu nzuri kasuku hawakupatikana.

Nililala ukingoni kwa tumbo, viwiko vikiwa kwenye ngozi ya mbuzi. Nilipotazama chini niliona kidirisha cha mwanga kikielea ndani ya ardhi, na ndani yake kulikuwa na mgongo wa Baba, mabega yake yaking'aa jasho. Wakati mwingine vumbi lilipanda ndani ya mwanga taratibu kama moshi wa chungu, na nikaona kama ni mimi ninayeshushwa, na Baba ndiye aliye juu. Upepo ulipita mgongoni mwangu. Ng'ombe walilia mbali. Sikujua saa inakwendaje.

Kila baada ya kitambo Baba aliacha sururu. Aliniita Mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. "Mama," sauti yake ilikuja juu, nzito kama inatoka kwenye mtungi, "lete ukutani. Upande wa kushoto. Hapo hapo."

Nikasogeza mwanga ukutani. Yeye alikuwa akichomoa msumari kiunoni, msumari mnene wa reli, wa ile njia ya kwenda Manyoni, na kuanza kuchora. Alichora ng'ombe. Alianza na pembe, akaja mgongoni, akashuka mkiani, kisha tumbo, mwisho miguu. Hakuharakisha. Pale juu wanaume walioshika gogo walikuwa wakihema na kukohoa.

"Fundi anafanya nini?" mmoja akauliza.

"Anapima," akajibu Mjomba Shila.

"Tena? Si alipima sasa hivi?"

"Shemeji yangu anapima kisima kama mama mkwe anavyopima unga wa mkwe. Akimaliza kupima, masika yatakuwa yameingia na kukijaza chenyewe."

Wakacheka. Mimi nikakaa kimya na mwanga wangu. Wao walitazama kutoka kwenye jua na hawakuona kitu ila weusi. Mimi peke yangu niliyalaza macho yangu juu ya mwanga, na mimi peke yangu nilijua kwamba ndani ya kisima kuna kundi.

Niliwatambua mmoja mmoja. Lilikuwa kundi la babu, lililokwisha kwa ugonjwa kabla sijazaliwa. Baba alilichunga akiwa mtoto, na nyumbani alilizungumzia kama watu wanavyozungumzia ndugu waliohamia mbali. Majina yao yalikuwa ya Kinyiramba. Kwa Kiswahili ningewaita Kipaku, Pembemoja, Mama Vita, na wa mwisho Mvivu, yule aliyekuwa nyuma siku zote na kumfanya Baba achapwe kwa kuchelewa kurudi. Kila kimo cha mtu, ng'ombe mmoja. Walikuwa wakishuka wakizunguka ukuta, vichwa mbele, kama wanaokwenda kunywa.

Na mimi, kwa akili ya miaka tisa, nilielewa hivi: ng'ombe wa ukutani ndio wanaoita maji. Fundi seremala hupiga randa, fundi wa visima huchora ng'ombe. Nilidhani visima vyote duniani viko hivyo. Siku tuliyokwenda Misigiri sokoni nilichungulia kisima cha pale, nikaona ukuta mtupu, nikawahurumia sana watu wa Misigiri.

Siku ninayotaka kuwaambia ilianza vizuri. Baba alikuwa kwenye kimo cha tano. Jioni iliyotangulia alikutana na mkanda wa mchanga mlaini, mweupe, wenye unyevu, akafurahi, kwa kuwa mchanga wenye unyevu ni habari za maji. Aliupita, akaingia kwenye udongo mgumu. Asubuhi ile akaniomba mwanga ukutani, akamchora Mvivu. Mwili aliuweka kwenye udongo wa juu ya mkanda, na miguu ikashukia mchangani. Ilikuwa miguu mizuri, nakumbuka, mmoja umekunjwa kidogo kama anayesitasita.

Alasiri nikarudi kwenye zamu yangu. Tarishi wa jumbe alikuwa amekuja kuona kazi imefika wapi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama, akaketi kwenye jiwe na Mjomba Shila wakipeana ugoro. Nikalala kwa tumbo, nikalikamata jua, nikalishusha taratibu ukutani kuelekea miguuni pa Baba, kama nilivyozoea. Njiani mwanga ukampita Mvivu.

Miguu ilikuwa imeachana na tumbo.

Kwanza nilimwonea Baba aibu. Nilidhani amechora vibaya, nikatamani mtu mwingine asione. Kisha nikakumbuka. Asubuhi nilikuwa nimeifuata mistari ile yote kwa macho, kutoka tumboni mpaka kwatoni, na haikuwa na pengo. Sasa kati ya tumbo na miguu kulikuwa na nafasi ya kidole. Nikatazama tena. Miguu haikuwa imeshuka tu. Ilikuwa imesogea mbele, kuelekea ndani ya shimo, kama Mvivu ametoa hatua na kuuacha mwili nyuma.

Sikujua maana yake. Nataka mniamini hapo, kwa sababu watu baadaye walinisifu kwa akili ambayo sikuwa nayo. Nilijua tu kwamba ng'ombe wa Baba amevunjika na Baba hajui. Na nilijua sauti inayoingia shimoni ni moja, na haikuwa yangu. Nikafungua mdomo. Ule mfupa wa kuku ulikuwa palepale. Nikamgeukia Mjomba; alikuwa akimwambia tarishi habari ya fisi aliyeiba kiatu cha katekista, na tarishi anacheka mpaka ugoro unamwagika.

Basi nikafanya kitu nilichoweza. Niliuacha mwanga juu ya Mvivu, nikakataa kuuondoa.

"Mama, mwanga chini," Baba akaita.

Sikuushusha.

"Mama! Sioni ninapopiga. Shusha mwanga."

Mwanga ukatetemeka juu ya ukuta, lakini ulibaki palepale, kwenye lile pengo la kidole. Machozi yalidondokea kwenye kioo. Nikasikia nyayo nzito za Mjomba nyuma yangu.

"We Marta, umelala? Mpe baba yako mwanga!"

Nikatikisa kichwa.

"Huyu mtoto ana nini leo? Lete hapa." Akainama, akakishika kioo. Nikakikumbatia kwa vidole vyote, kona iliyopasuka ikanikata, na bado nikaushikilia mwanga. Mjomba akavuta. Mimi nikavuta. Tarishi kwenye jiwe lake akasema, "Hapa kazi inasimama, watoto wanacheza na vioo. Bwana Shauri nitamwambia nini?"

Chini kukawa kimya. Hapakuwa na sururu wala neno. Nadhani ndipo Baba alipoacha kutazama miguu yake na kutazama mwanga ulipo.

Kisha sauti yake ikaja, ndogo, ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala.

"Shila. Vuta."

"Debe halijajaa, shemeji."

"Acha debe. Nivute mimi. Polepole, kamba isiguse ukuta."

Mjomba akakiachia kioo. Sijawahi kumwona mtu mnene akikimbia kwa wepesi ule. Wanne wakalishika gogo, naye wa tano, na kamba ikaanza kulia. Mwanga wangu ulimfuata Baba akipanda, nao ukapita ng'ombe mmoja baada ya mwingine: Mama Vita, Pembemoja, Kipaku. Alitokea ukingoni akiwa kijivu cha vumbi, msumari ameuma kwa meno. Alinishika mkono, akanivuta kutoka mdomoni pa shimo mpaka kwenye kivuli cha mgunga, akaketi, akaniketisha.

"Sasa kuna nini?" akauliza tarishi. "Umeona nyoka?"

Baba akautoa msumari mdomoni, akaufuta vumbi kwa kidole.

Tulikaa. Nzi walikuja kwenye kidole changu kilichokatika. Tarishi akasimama, akakung'uta kaptula, akasema yeye amekuja kuona watu wakichimba, hakuja kuona watu wakiota kivuli, na kama fundi ameshindwa wako mafundi wengine. Mjomba Shila, kwa aibu, akaanza kujifunga kitambaa kiunoni. "Nitashuka mimi," akasema. "Nitazame kuna nini."

"Kaa chini, Shila," Baba akasema.

"Nitazame tu, na kurudi."

"Kaa chini, mtoto wa watu."

Mlio wa shimo likiporomoka haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama ng'ombe mkubwa anapolala: kwanza magoti, halafu mwili wote, na pumzi ndefu inatoka. Pumzi ile ilitoka kwenye mdomo wa shimo, ya baridi, ikatupita usoni na harufu yake ya chuma na uyoga. Ukingo ukamomonyoka, gogo likaelemea upande, na viatu vya Baba, vilivyokuwa vimepangwa kuelekea nyumbani, vikateleza ndani kimoja baada ya kingine.

Tarishi alikuwa ameketi tena, safari hii chini kwenye vumbi. Mjomba Shila alikuwa bado ameshika ncha za kile kitambaa kiunoni, anazifunga na kuzifungua.

Baba akatema vumbi. "Viatu vyangu vimezikwa," akasema. "Mimi sijazikwa. Twende nyumbani." Akaenda peku juu ya miiba, na mimi nyuma yake na kioo. Njiani akasema peke yake, kama anayeongea na mtu wa zamani: "Mvivu alinichelewesha, nikachapwa. Leo amelipa."

Kwa siku nne Baba hakugusa sururu. Alikaa nyuma ya nyumba akichonga mpini ambao haukuhitaji kuchongwa. Watu walipita, wakasalimia, wakatazama mikono yake, wakaondoka. Kina mama waliendelea kwenda mtoni na vibuyu, na sasa walikuwa wanarudi jua likiwa limepinda. Mama aliutua tu mtungi mbele ya Baba, robo, na kuingia ndani.

Siku ya tano Baba akapima hatua kumi na tano kuelekea kwenye jabali. Akasema pale mchanga hautakuwepo, kuna udongo na chini yake jiwe bovu linalokubali sururu, na juu ataujengea mawe. Akaomba mawe. Kijiji kizima kikaleta mawe, hata watoto wadogo walileta vikokoto. Kisha akanitazama.

"Utashika kioo?"

Nilitaka kusema hapana. Kama kawaida sikusema kitu, na kwa mtu kama mimi, kukaa kimya huhesabiwa kuwa ndiyo.

Shimo jipya lilipofika kimo cha tatu, nikashindwa. Nililala kwa tumbo, nikalikamata jua, na jua likakataa kutulia. Kila nilipomwona Baba mle ndani, nilisikia ile pumzi ya baridi. Mwanga ukarukaruka kwenye kuta kama panzi. Nilingojea anigombeze, au Mjomba aniambie neno. Lakini Mjomba Shila, tangu siku ile, alikuwa akikaa karibu yangu bila kutia mzaha, mkono wake mmoja juu ya kamba.

"Mama," Baba akaita, "mwanga wako unatetemeka."

Nikakishika kioo kwa mikono yote miwili.

"Haya. Niache mimi. Lete ukutani."

Nikaupeleka ukutani. Alikuwa amechora mmoja tayari, Kipaku, yule wa kwanza.

"Anza kwenye pembe. Fuata mstari. Nenda naye mgongoni, usitoke nje. Polepole. Nani anakukimbiza?"

Nikaanza. Mwanga ukatoka kwenye mstari, nikaurudisha. Ukatoka, nikaurudisha. Nilipanda na pembe, nikashuka na shingo, nikapita kwenye nundu kama mtu anayepita kilima kidogo, nikaja mkiani, tumboni, kwenye kila mguu. Nilimzunguka Kipaku mara mbili. Sijui ni wakati gani, lakini kwenye mzunguko wa tatu nikagundua mkono umetulia, nami nilikuwa nimeisahau pumzi ya shimo.

"Mkono unaotetemeka upewe kazi ndogo," sauti ikasema kutoka chini. "Sasa niletee jua langu."

Maji yalipatikana kwenye kimo cha sita. Yalitoka kwenye ufa wa jiwe, kidogo kama jasho, kisha kama machozi, kisha Baba akapiga kelele kama mtoto. Mama alikuja akatazama debe la kwanza, tope tupu. Hakusema yale maneno yake ya umri. Alitumbukiza mkono mpaka kiwiko, akauacha humo.

Miaka ikapita. Nilisoma mpaka darasa la nne, na hapo pakatosha kwa nyumba yetu. Siku moja nilikuwa namsaidia Baba kupaka kamba mafuta, nikamuuliza swali nililolibeba tangu utoto.

"Baba, kwa nini visima vya watu wengine havina ng'ombe?"

Alicheka mpaka akakohoa. Nilipomweleza nilivyodhani, kwamba ng'ombe ndio wanaoita maji, alicheka tena, kisha akaacha.

"Nilikuwa naogopa," akasema.

"Siku ile?"

"Kila siku. Kuanzia kimo cha pili, kila siku. Magoti yanakwisha. Mtu akiogopa shimoni anapiga sururu ovyo, na ukipiga ovyo ukuta unakasirika. Wengine wanakunywa kwanza. Wengine wanatukana. Fundi wangu alikuwa anaimba, na tulijua ni mzima kwa wimbo wake. Siku ya Kintinku wimbo ulikatika katikati ya neno." Akainamia kamba yake. "Mimi kuimba siwezi. Nikawa narudi kuchunga."

Nilimtazama mtu huyu ambaye kijiji kizima kilisema hana woga. Niliwakumbuka wale wanaume waliocheka na kusema anapima. Hawakuwa wamekosea sana.

"Na kule chini kabisa, kwenye maji," nikauliza, "uliweka ng'ombe gani?"

"Kule sikuweka ng'ombe."

"Uliweka nini?"

"Omba usikione," akasema, akaniomba mafuta zaidi.

Kijijini hakuna asiyewajua ng'ombe wale sasa. Kiangazi maji yakishuka, wanatokea juu yake mmoja baada ya mwingine, na kina mama wanapimia hapo. Akionekana Pembemoja, watu wanachota bila wasiwasi. Akionekana Mama Vita, mifugo inapelekwa kwingine. Akitoka Mvivu, aliyechorwa upya kwenye jiwe bovu, miguu yote minne imeshikamana, basi kila nyumba mtungi mmoja, na asiyetii huchukuliwa kibuyu chake. Baba amezeeka, magoti yamekwisha kweli, na hushinda akimenya viazi vitamu uani. Wanamwuliza kwa utani, "Fundi, ng'ombe wako wanasemaje?"

Mwaka juzi kiangazi kilikuwa kibaya kuliko vyote ninavyovikumbuka. Maji yalipita chini ya Mvivu, na kina mama wakaanza tena kuzungumza habari za mchanga wa mtoni. Alasiri moja nikachukua kile kioo chenye kona iliyopasuka, nikalala kwa tumbo ukingoni, mtu mzima mimi, na kuteremsha jua. Nilishuka na kundi lote taratibu, kila mgongo na kila mkia, mpaka usawa wa maji.

Palikuwa na kitu kinachoanza kuchomoza. Nilikiona cha mraba, kimechorwa kwa msumari ndani ya jiwe, na kona moja ina ufa. Mistari ilitoka ndani yake kwenda pande zote, kama jua dogo. Chini yake, pale maji yalipogusa, palikuwa na vidole vya mikono miwili iliyokishikilia. Vilikuwa vidogo, vya mtoto. Sehemu yote iliyobaki ilikuwa ndani ya maji.

Nilikiondoa kioo upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa wenyewe. Mvua ilikuja baada ya wiki mbili. Maji yakapanda, yakafunika mikono ile, kisha Mvivu, kisha Mama Vita.

Kwa hiyo usoni sijajiona. Baba alinichora vipi, kama nalia au kama nimetulia, sijui, naye sijamuuliza. Kila kiangazi nikipita pale na ndoo, naomba mwaka huu pia nisijue.